Namna ya Kupima Mtiririko wa Damu Wakati wa Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana

Mpasuaji anapoondoa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, hubaki na ncha mbili ambazo sharti ziunganishwe ili kinyesi kiendelee kupita. Maungio hayo hushonwa kwa uzi au hubanwa kwa stepla, na kwa mikono iliyozoea njia zote mbili hufaa. Hata hivyo uzi na pini hushikilia kwa muda tu, na kinachofunga kidonda hasa ni tishu zenyewe, ambazo haziponi pasipo damu. Ncha moja ikikosa damu ya kutosha, maungio huweza kuachia, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza, kinyesi kikavuja tumboni, na mgonjwa aliyekuwa ameanza kula na kutembea akarudishwa thieta akiwa na homa na tumbo gumu. Katika maungio ya juu tatizo hili huwapata wagonjwa wachache katika kila 100, lakini maungio yakiwa chini kwenye puru, karibu na njia ya haja kubwa, idadi hiyo huweza kupita 10 kati ya 100.

Maelezo yanayofuata yamekusudiwa timu nzima ya thieta: mpasuaji, daktari wa usingizi na muuguzi anayetayarisha dawa. Yanahusu zaidi kipimo cha rangi inayong'aa, yaani rangi inayodungwa mshipani ili kamera ionyeshe kwenye skrini mahali damu inapofika, ambacho sasa kimeenea, na nitasisitiza jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopotea mara nyingi katika mafunzo: kinachopaswa kusomwa kwenye skrini ni muda ambao damu imechukua kufika, wala si uzuri wa mwanga wake.

Damu hupotelea wapi

Utumbo mpana hulishwa na ateri kuu mbili, ya juu na ya chini, zinazotoka kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Matawi yake huungana kandokando ya utumbo na kufanya mshipa mmoja mrefu unaoitwa ateri ya ukingo. Saratani ikiwa upande wa kushoto au kwenye puru, mpasuaji huikata ile ateri ya chini karibu na chimbuko lake ili aondoe pia tezi za limfu zinazoweza kuwa na chembe za saratani. Kuanzia hapo sehemu yote ya kushoto inayobaki hutegemea damu inayotoka mbali, upande wa ateri ya juu, ikipita katika ule mshipa wa ukingo. Kwa watu wengi njia hiyo hutosha. Kwa wengine mshipa huo ni mwembamba au umekatika kabisa, hasa kwenye kona ya utumbo iliyo karibu na wengu, mahali panapojulikana kama nukta ya Griffiths. Kwa kuutazama utumbo peke yake huwezi kujua kwa uhakika mgonjwa aliye mbele yako ni wa kundi lipi.

Kuna sababu ya pili ambayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Utumbo wa juu hulazimika kuvutwa hadi chini ndani ya nyonga ili ufikie kisiki cha puru, yaani kipande cha puru kilichobaki. Ukivutwa kwa nguvu, mishipa iliyomo katika utando unaoushikilia hunyooka na kusinyaa, na ncha iliyokuwa na damu nzuri ilipolala juu ya tumbo huweza kuikosa ikishafika chini. Kwa hiyo kipimo kilichofanywa utumbo ukiwa umelegea hakijibu swali lote, nasi tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye kipimo cha pili.

Anza na macho na mikono

Kamera ya gharama kubwa haiondoi wajibu wa kutazama. Ncha yenye damu huwa na rangi ya waridi, hujikunja ikiguswa, na mapigo huonekana au husikika kidoleni katika utando wake. Ncha inayoelekea kuwa ya kijivu au ya zambarau haifai kuunganishwa, na hapo hakuna haja ya kuthibitisha lolote kwa rangi.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote katika kundi hili halihitaji umeme. Kabla ya kuifunga ateri ya ukingo mahali utumbo utakapokatwa, ikate na uiache wazi kwa muda mfupi sana. Damu nyekundu ikiruka kwa mapigo, upande huo unalishwa vizuri. Ikichuruzika polepole bila mapigo, au ikatoka nyeusi, sogea juu sentimita chache ujaribu tena. Thieta isiyo na kamera maalumu ikifanya jaribio hili kila mara na kuliandika, itakuwa imepiga hatua kubwa. Kifaa cha Dopla cha mkononi nacho husaidia kusikiliza kama damu inapita katika mishipa ya utando, ingawa hakisemi kama damu hiyo inafika hadi kwenye ukuta wa utumbo.

Udhaifu wa macho ni kwamba hutambua vizuri hali mbaya sana na hali nzuri sana, lakini hubahatisha katikati. Utafiti uliochapishwa nchini Uholanzi mwaka 2009 ulionyesha kuwa makadirio ya wapasuaji wenyewe, waliyoyatoa wakiwa bado thieta, yalikuwa mwongozo dhaifu wa kujua ni maungio yapi yangevuja baadaye.

Kuitayarisha rangi

Rangi inayotumika ni indosianini ya kijani, ambayo wengi huitaja kwa herufi zake tatu, ICG. Si dawa ngeni: ilianza kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1950 kupima kazi ya moyo na ya ini. Ikiingia kwenye mshipa hujishikiza kwenye protini za damu na hivyo hubaki ndani ya mishipa. Ini huiondoa kupitia nyongo, na kwa mtu mwenye ini zima nusu yake huwa imekwisha kutoka katika damu ndani ya dakika 3 hadi 4. Ikimulikwa kwa miale ya infraredi ya urefu wa wimbi wa takriban nanomita 800, hurudisha mwanga wa urefu unaozidi kidogo hapo. Mwanga huo jicho halioni, ila kamera maalumu huuona na kuuonyesha kwenye skrini, mara nyingi kwa rangi ya kijani au nyeupe.

Siku moja kabla, muulize mgonjwa kama amewahi kudhurika na iodini au na rangi yenyewe, kwa kuwa kichupa huwa na iodidi ya sodiamu kidogo. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, lakini hutokea, na dawa za kuukabili ziwe tayari chumbani.

Kichupa cha kawaida kina miligramu 25 za unga. Uyeyushe kwa mililita 10 za maji safi ya sindano, usitumie maji ya chumvi kuuyeyusha, na utapata miligramu 2.5 katika kila mililita. Mchanganyiko utumike ndani ya saa 6. Ukipita muda huo utupwe. Dozi inayotumiwa mara nyingi ni kati ya miligramu 5 na 10 kwa sindano moja, na wako wanaokokotoa kwa uzito, kuanzia miligramu 0.1 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 60 kwa hesabu hiyo ya chini hupata miligramu 6, yaani mililita 2.4. Chochote mtakachochagua, kiwe kilekile kwa kila mgonjwa anayelingana naye, la sivyo mtakuwa mnalinganisha vitu visivyolingana. Jumla ya sindano zote isizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, na maelekezo ya mtengenezaji wa kichupa mlicho nacho yatangulie maelezo haya popote yanapotofautiana.

Daktari wa usingizi ana mambo matatu ya kuyajua kabla sindano haijapigwa. Kwanza, rangi huweza kukidanganya kwa muda mfupi kifaa kinachopima oksijeni kidoleni, hivyo namba ikishuka ghafla dakika ileile atazame mgonjwa kwanza kabla ya kushtuka. Pili, shinikizo la damu liwe karibu na lile la kawaida la mgonjwa. Kipimo kilichofanywa shinikizo likiwa chini au mgonjwa akiwa amepoa sana hueleza hali ya mzunguko mzima wa damu, wala si hali ya utumbo peke yake. Dawa za kubana mishipa zikiwa zinatiririka, ziandikwe pamoja na kiwango chake. Tatu, na hili ni dogo lakini limeharibu vipimo vingi, mkono wenye kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, usiwe ndio wenye kitambaa cha kupimia shinikizo. Kitambaa hicho kikijijaza hewa wakati rangi inasukumwa, rangi husimama kwenye kiwiko, timu nzima hukaa ikiitazama skrini nyeusi kwa zaidi ya dakika moja, na mtu huanza kupendekeza utumbo mzima mzuri ukatwe.

Dakika mbili za kutazama

Kipimo cha kwanza hufanywa mishipa ikishakatwa na utando ukishatenganishwa, kabla utumbo wa juu haujakatwa. Hapo mpasuaji aamue kwa macho yake mahali ambapo angekata kama rangi isingekuwapo, apatie alama kwa klipu au uzi, na aseme kwa sauti kwamba ni hapo. Hatua hii huonekana kama urasimu, lakini mimi siiachi. Pasipo alama iliyotangulia, macho hufuata mwanga, na baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka kama rangi imebadilisha uamuzi au imeuidhinisha tu.

Kisha zima taa za juu ya meza ikiwa tumbo liko wazi. Katika upasuaji wa matundu madogo giza limo tayari ndani, bali taa ya kawaida ya kamera ibadilishwe kwenda kwenye hali ya infraredi. Kamera isimame wima juu ya utumbo, kwa umbali ambao timu imekubaliana kuutumia siku zote, na isisogezwe hadi kipimo kiishe. Mwanga hupungua haraka kamera ikirudi nyuma, na ukiinamisha lenzi upande mmoja, upande wa pili hufifia bila kosa lake. Ndani ya picha hiyohiyo kiwepo kipande cha utumbo ambacho hakina shaka, kwa mfano sehemu ya juu zaidi ambayo mishipa yake haikuguswa, ili kiwe cha kulinganishia.

Rangi isukumwe mara moja, ifuatwe papo hapo na mililita 10 za maji ya chumvi, na anayesukuma atamke "sasa". Muuguzi mmoja aanzishe saa ya ukutani au ya simu, asiwe na kazi nyingine.

Kwa sekunde 20 hivi hakuna kitu. Kisha ateri katika utando huwaka kama nyuzi nyembamba, zikigawanyika kuelekea utumbo, na mara ukuta wa utumbo huanza kujaa kutoka kwenye ukingo wa utando kwenda upande wa pili, kama wino unavyotambaa kwenye karatasi iliyolowa. Kwa mgonjwa mwenye mzunguko mzuri na kanula ya mkononi, ukuta kwa kawaida huwaka ndani ya sekunde 30 hadi 60. Baadaye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, nazo huonekana, ishara kwamba damu inapita na kuondoka. Mahali wino huo unaposimama, pana mpaka. Wakati mwingine ni mkali kama uliochorwa kwa rula, wakati mwingine ni ukanda wa kijivu wa sentimita mbili au tatu. Muuguzi ataje sekunde mara mbili: ukuta wa sehemu ya kulinganishia unapowaka, na ukuta wa mahali penye alama unapowaka. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu moyo dhaifu au kanula ya mbali huchelewesha zote kwa pamoja, ilhali ateri iliyosinyaa huchelewesha moja tu.

Uamuzi utolewe kwa yale yaliyoonekana ndani ya dakika mbili za mwanzo. Ukiendelea kutazama, rangi hupenya kidogokidogo kutoka tishu zenye damu kwenda kwenye tishu jirani zisizo nayo, na baada ya dakika nne au tano ncha iliyokuwa gizani itang'aa vizuri kabisa. Huo ni mwanga wa kuazima. Vilevile utumbo ambao vena zake zimeziba huweza kung'aa sana, na kuendelea kung'aa, kwa sababu damu imeingia ikakosa pa kutokea. Ung'avu unaokataa kufifia wakati sehemu ya kulinganishia imekwisha kufifia ni wa kutiliwa shaka.

Kuchagua mahali pa kukata

Mpaka ukiwa chini ya alama yako, kata ulipopanga. Mpaka ukiwa juu ya alama, sogeza mstari wa kukata hadi ndani ya eneo lililowaka mapema na kwa ukamilifu. Usikate kwenye mpaka wenyewe, na ukanda wa kijivu uhesabu kuwa ni giza. Katika tafiti mbili zinazotajwa sana, rangi iliwafanya wapasuaji kubadilisha mpango kwa asilimia 8 ya wagonjwa katika moja na asilimia 11 katika nyingine. Kwa hiyo usishangae kuona wagonjwa tisa mfululizo wakikuidhinishia ulichokwisha kuamua.

Kusogea juu kuna gharama yake. Utumbo unaobaki huwa mfupi, na mfupi huvutwa zaidi. Kabla ya kusogea, hakikisha kona ya karibu na wengu imeachiliwa vya kutosha, ili usiponye njaa ya damu kwa kuleta mvutano.

Zipo kompyuta zinazochora mchoro wa mwanga dhidi ya muda na kutoa namba: muda wa kuanza kuwaka, muda wa kufikia kilele, na ukali wa mteremko wa kupanda. Namba hizi huondoa ubishi kati ya watu wawili wanaotazama skrini moja, nami nazipendelea pale zinapopatikana. Lakini hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa na wote cha kusema hapa pana usalama na hapa hapana, na namba ya kamera moja haihamishiki moja kwa moja kwenda kwenye kamera nyingine. Saa ya muuguzi, ikitumiwa kwa utaratibu uleule kila mara, hukupa sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kipimo cha pili, utumbo ukiwa mahali pake

Baada ya kuunganisha, au walau baada ya kuuvuta utumbo hadi chini na kabla ya kufyatua stepla, pima tena. Subiri kama dakika 15 tangu sindano ya kwanza ili mwanga wa zamani upungue, kisha urudie dozi ileile. Hapa ndipo mvutano nilioutaja mwanzo hujifichua: ncha iliyowaka kwa sekunde 35 ilipokuwa juu sasa inachukua sekunde 70, au upande mmoja wake hauwaki kabisa kwa sababu utando umejisokota. Utando uliojisokota hunyooshwa, na uliobana huachiliwa zaidi. Kisiki cha puru nacho kitazamwe, hasa kwa mgonjwa aliyepata mionzi kabla ya upasuaji. Kikiwa chini sana, utando wake wa ndani huweza kutazamwa kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa.

Jaribio la hewa lifanyike pia. Nyonga hujazwa maji, hewa hupulizwa kupitia njia ya haja kubwa, na mapovu yakitokea, maungio yana tundu. Jaribio hili hupima uimara wa mshono wakati ule, wala halisemi chochote kuhusu damu, kwa hiyo moja halichukui nafasi ya jingine.

Maungio yakiwa chini sana, sehemu ya utumbo mdogo hutolewa nje ya tumbo kwa muda ili kinyesi kisipite juu ya kidonda. Hatua hiyo hupunguza madhara ya kuvuja, lakini haipeleki damu mahali isipofika. Ncha ikiwa bado giza baada ya marekebisho yote, ni salama zaidi kutounganisha siku hiyo, kufunga kisiki na kutoa ncha ya juu nje.

Kiasi cha kutumainia

Matokeo ya majaribio makubwa hayafanani, na mtu anayeuza kamera hukuonyesha nusu yake tu. Jaribio la FLAG la Urusi, lililochapishwa mwaka 2020 likiwa na wagonjwa 377, lilipata uvujaji wa asilimia 9.1 kwa waliopimwa kwa rangi na asilimia 16.3 kwa wasiopimwa. Jaribio la EssentiAL la Japani la mwaka 2023, lililohusu saratani ya puru, lilipata asilimia 7.6 dhidi ya 11.8. Upande mwingine, PILLAR III la Marekani, lililokatishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa na kuchapishwa mwaka 2021, lilipata asilimia 9.0 dhidi ya 9.6, yaani hakuna tofauti ya maana. Nikiyasoma kwa pamoja naona faida imeelemea kwenye maungio ya chini, na kwamba haiwezi kuwa kubwa zaidi ya ile sehemu ya uvujaji inayosababishwa na damu. Uvutaji wa sigara, lishe duni, dawa za steroidi na mionzi havionekani kwa kamera.

Katika ripoti ya upasuaji andika dozi, muda wa kuwaka wa sehemu zote mbili, shinikizo la damu wakati wa sindano, dawa za kubana mishipa, na kama mstari wa kukata ulisogezwa na kwa sentimita ngapi. Wodini, protini ya CRP, ambayo hupanda katika damu mwili ukiwa na maambukizi, ipimwe kati ya siku ya 3 na ya 5. Ikiwa juu ya miligramu 150 hivi kwa lita, au mapigo ya moyo yakipanda bila sababu inayoeleweka, daktari wa zamu aombe picha ya CT siku hiyohiyo, hata kama ripoti inasema utumbo uliwaka vizuri kwa sekunde 35.